Mjusi wa buluu wa Kimboza na chozi wa Uluguru: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa tunawalinganisha wanyama wawili wadogo wa mkoa wa Morogoro, Tanzania: mjusi wa buluu wa msitu wa Kimboza (Lygodactylus williamsi) na ndege aitwaye chozi wa Uluguru (Cinnyris loveridgei). Wote wana rangi za kung'aa, wote hula wadudu na kunywa nekta ya maua, na wote hawapatikani porini mahali pengine popote duniani. Maswali yamepangwa kuanzia yale ya kuwatambua hadi yale ya kuwalinda. Kama una haraka, ruka moja kwa moja hadi kwenye maswali ya biashara na msitu, kwa sababu huko ndiko kwenye uzito wa jambo hili.

Kwa nini kumlinganisha mjusi na ndege? Si wanyama tofauti kabisa?

Ni tofauti, lakini wanatoka upande mmoja wa nchi, watu wanawapenda kwa jambo lilelile, yaani rangi, na wanapungua kwa njia mbili zisizofanana. Mjusi ananyakuliwa, msitu wake unabaki nyuma. Chozi hakuna anayemgusa, ila msitu anaoishi unaondolewa kipande kwa kipande. Nimesikia mara nyingi watu wakizungumzia wanyama adimu kana kwamba tatizo ni moja na suluhisho ni moja: pigeni marufuku kuwauza, yaishe. Ukiwaweka hawa wawili pamoja unaona mara moja kwamba sheria iliyomwokoa mmoja haimfai mwenzake hata kidogo.

Mjusi wa Kimboza ni wa aina gani hasa?

Ni wa ukoo mmoja na mijusi kafiri wanaopanda kuta za nyumba usiku kufuata wadudu kwenye taa. Yeye hutembea mchana. Mboni ya jicho lake ni ya mviringo, ilhali wengi wa ndugu zake wa usiku mboni zao hujibana zikawa mstari mwembamba. Hana kope za kufumba na kufumbua, kwa hiyo husafisha jicho kwa ulimi. Mkubwa hufikia sentimita 5 hadi 8, mkia ukiwemo. Chini ya vidole ana vibandiko vya kunatia kwenye majani laini, na ncha ya mkia nayo ina kibandiko cha namna hiyohiyo upande wa chini, kinachomsaidia kujishikilia anapogeuka kichwa chini.

Je, wote ni wa buluu?

La. Buluu kali ni ya dume mzima anayetawala mti wake. Koo la dume lina mistari mizito myeusi, na tumbo lake lina rangi ya chungwa. Jike ni wa kahawia inayoelekea shaba, au wa kijani, na kooni hana weusi wa maana. Dume mchanga hufanana sana na jike, na hata wazoefu huwachanganya. Picha nyingi zinazosambaa ni za madume waliokomaa, ndiyo maana mtu akimwona jike kwa mara ya kwanza hudhani ameonyeshwa mjusi mwingine.

Chozi wa Uluguru nitamtambuaje? Chozi si wako wengi?

Wako wengi kweli: ndege wadogo wenye mdomo mrefu uliopinda, wanaohangaika kwenye maua tangu alfajiri. Dume wa Uluguru ana kichwa na koo la kijani ya metali, ukanda mwembamba wa zambarau kifuani, chini yake doa la rangi ya chungwa inayoelekea nyekundu, kisha manjano hadi tumboni. Mgongo ni wa rangi ya zeituni. Jike hana mng'ao huo: ni wa zeituni juu, manjano chini.

Ukimwona chozi kwenye bustani katikati ya mji wa Morogoro, karibu kila mara atakuwa wa aina nyingine iliyozoea makazi ya watu. Huyu ni ndege wa msitu wa mlimani na kingo zake. Ana ndugu wa karibu, Cinnyris moreaui, anayefanana naye sana, lakini huyo anaishi kwenye milima mingine kama Nguru na Ukaguru. Mahali uliposimama ni ushahidi mzuri kuliko darubini.

Nani aliwaandika kwa mara ya kwanza katika sayansi?

Kisa hiki kinanifurahisha kila nikikisimulia. Arthur Loveridge (1891–1980), mzaliwa wa Penarth huko Wales, alikuwa mtaalamu wa reptilia na amfibia. Alifanya kazi kwenye makumbusho ya Nairobi, akashiriki Vita vya Kwanza vya Dunia hapa Afrika Mashariki, akawa msaidizi wa bwana nyama Tanganyika, na mwaka 1924 akajiunga na makumbusho ya zoolojia ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1922 Ernst Hartert alipomwandika chozi wa Uluguru, alimpa jina la Loveridge. Miaka 30 baadaye, mwaka 1952, Loveridge mwenyewe alimwandika mjusi wa Kimboza, akampa jina la John George Williams, mtaalamu wa ndege wa makumbusho ya Coryndon, Nairobi.

Hivyo ndege ana jina la mtu wa mijusi, na mjusi ana jina la mtu wa ndege. Tarehe hizo, bila shaka, ni za maandishi tu. Waluguru walikuwa wakiishi na viumbe hawa vizazi vingi kabla ya hapo.

Wanaishi katika msitu mmoja? Wanaweza kukutana?

Hawakutani. Kimboza uko chini, kati ya mita 250 na 400 hivi kutoka usawa wa bahari, upande wa mashariki wa milima, kwenye ardhi ya mawe ya chokaa. Hifadhi yote ni hekta 405 hivi. Chozi anakaa hasa juu ya mita 1,200, kwenye misitu yenye ukungu inayopanda kuelekea vilele, na kilele kirefu zaidi cha Uluguru, Kimhandu, kinapita mita 2,600. Kati ya msitu wa chini na wa juu sasa pana vijiji na mashamba.

Mjusi naye hajatapakaa Kimboza yote. Anakaa kwenye mikadi tu, aina inayoitwa Pandanus rabaiensis, yenye majani marefu yenye miiba ukingoni, yaliyojipanga kwa kuzunguka shina. Pale majani yanaposhikana na shina maji ya mvua hutuama. Mjusi hunywa humo, huwinda humo, hujificha humo na hutaga humo. Mkadi mmoja mkubwa ni makazi kamili: dume mmoja mtawala, majike, na wadogo wanaovumiliwa kwa muda. Ukijumlisha Kimboza na vipande vya misitu vya jirani alikoonekana, eneo lake lote linalojulikana ni kama kilomita za mraba 8. Mtu anaweza kulizunguka kwa miguu kwa siku moja.

Chozi ana nafasi kubwa kidogo. Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008 kwa kuunganisha misitu ya Uluguru Kaskazini, Uluguru Kusini na Bunduki, ina zaidi ya hekta 24,000. Kwa ndege ambaye hana mlima mwingine, hiyo bado ni sehemu ndogo mno.

Kinachowaunganisha ni maji. Ukungu na mvua vinavyonaswa na msitu wa chozi hushuka kwa vijito hadi mto Ruvu, ambao hupita jirani na Kimboza kabla ya kuelekea uwanda wa pwani na kuwapa maji wakazi wa Dar es Salaam.

Rangi zao zinatokana na nini?

Kwa wote wawili sehemu kubwa ni mchezo wa mwanga, ila umejengwa kwa vitu tofauti.

Katika ngozi ya mijusi wa namna hii kuna seli zenye fuwele ndogo sana za guanini zilizopangwa kwa tabaka. Mwanga ukizipiga, buluu ndiyo inayorudishwa kwa wingi, na sehemu kubwa ya mwanga uliobaki hupita na kumezwa na weusi ulio chini yake. Kukiwa na seli za manjano juu ya hizo, jicho letu huona kijani. Kwa kuwa yote haya yako ndani ya ngozi iliyo hai, mjusi anaweza kubadilika haraka: akipata baridi, akishtuka au akishindwa ugomvi, buluu hufifia na yeye huonekana mweusi-mweusi au wa kahawia, kisha hurudi kung'aa akiota jua.

Kijani ya metali ya chozi iko kwenye nyuzi za manyoya, mlimo na punje za melanini zilizopangwa kwa tabaka. Akigeuza kichwa mbali na mwanga unamwona mweusi, akigeuka tena anawaka. Manjano ya tumbo ni karotenoidi, rangi ambayo ndege hawezi kuitengeneza mwenyewe. Lazima aipate kwenye chakula. Unyoya ukishakua hauna uhai, kwa hiyo chozi hawezi kubadili vazi kwa hasira au hofu. Anasubiri anyonyoke na kuota manyoya mapya.

Kiukoo, wanahusiana kwa karibu?

Ni mbali sana. Ndege wako karibu zaidi na mamba kuliko na mijusi, na mijusi wako pamoja na nyoka. Matawi hayo mawili yaliachana zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita.

Nani kati yao anahitaji chakula kingi zaidi?

Chozi, na tofauti ni kubwa. Mwili wa ndege huwa na joto la nyuzi 40 za Selsiasi hivi, hata kwenye baridi ya Uluguru, na moto huo anauwasha kwa chakula. Mwili mdogo hupoteza joto upesi, kwa hiyo chozi lazima apate nekta tangu kunapopambazuka. Makinda hawawezi kukua kwa sukari peke yake; wazazi huwaletea wadudu na buibui. Msitu ukipoteza maua ya msimu mmoja, chozi anaumia wiki ileile.

Mjusi hupata joto lake kwenye jua. Akila wadudu wachache anatulia. Kukiwa na mawingu siku nzima anajikunyata kwenye majani na kusubiri kesho. Ndiyo sababu mijusi wengi kiasi kile wanaweza kuishi kwenye mikadi iliyosongamana mahali padogo, jambo ambalo ndege wa ukubwa uleule wasingeliweza. Na msongamano huo, kwa bahati mbaya, ndio uliowafanya wawe rahisi kukusanywa kwa maelfu.

Chozi anaimba. Mjusi je?

Chozi yumo katika kundi la ndege waimbao kwa maana kamili ya kitaalamu. Chombo chake cha sauti kiko chini kabisa, pale bomba la hewa linapogawanyika kuelekea mapafu mawili, na makinda wa kundi hili hujifunza nyimbo kwa kuwasikiliza wakubwa. Mjusi wa Kimboza huongea kwa mwili: hutikisa kichwa juu na chini, huvimbisha koo ili mistari myeusi ionekane, hujibana ubavuni ili aonekane mkubwa. Yote yanatazamwa, hayasikiki.

Tofauti hii ina matokeo makubwa kuliko watu wanavyodhani. Sauti humfanya ndege ahesabike hata asipoonekana. Mtafiti mzoefu husimama mahali palepale alfajiri, akaandika kila mlio, akarudi mwaka mwingine na kulinganisha. Mijusi inabidi uwatafute mkadi kwa mkadi, jani kwa jani, kwenye miti yenye miiba. Matokeo yake yanaonekana duniani kote. Ndege wote duniani walikwisha kupimwa hali yao kwa mara ya kwanza mwaka 1988. Reptilia walisubiri hadi mwaka 2022 ndipo tathmini kamili ya dunia ikachapishwa. Ilihusu aina 10,196, na ilikuta asilimia 21 wako hatarini kutoweka. Kwa ndege ni kama aina moja katika kila nane. Kwa maneno mengine, wanyama wenye hali mbaya zaidi ndio tuliochelewa kuwaangalia, na sioni sababu nyingine kubwa zaidi ya kwamba hawaimbi na hawatupendezi.

Wanazaaje?

Jike wa mjusi hutaga yai moja au mawili, yenye ganda gumu, ya ukubwa wa punje ya njegere, akayagandisha kwenye uficho wa jani, kisha anaendelea na maisha yake. Mayai huanguliwa baada ya miezi miwili hadi mitatu, na mtoto huanza kuwinda mwenyewe. Chozi, kama ilivyo kwa jamii yake, hujenga kiota cha kuning'inia kilichosukwa kwa nyuzi laini na utando wa buibui. Mayai nayo ni machache, moja au mawili, ila yanaatamiwa na makinda hulishwa hadi waruke. Wote wawili basi hawazai kwa wingi. Mkadi uliokatwa huangamiza mayai pamoja na wazazi.

Nani yuko hatarini zaidi kwa mujibu wa Orodha Nyekundu?

Mjusi. Katika orodha hiyo ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, tangu mwaka 2012 yuko katika daraja la walio hatarini zaidi kutoweka, la mwisho kabla ya kutoweka porini. Chozi yuko daraja moja chini yake, la walio hatarini kutoweka. Usilichukulie daraja hilo kuwa nafuu. Ndani ya msitu mzuri chozi bado si adimu, unaweza kumwona mara kadhaa asubuhi moja. Hatari yake inatokana na udogo wa eneo na jinsi linavyobanwa.

Mjusi alifikaje kwenye hali hiyo?

Kwa biashara ya kufuga. Picha za dume wa buluu zilipoenea kwa wafugaji wa mijusi Ulaya, Marekani na kwingineko, mahitaji yalipanda, na chanzo kilikuwa kimoja tu: Kimboza. Inakadiriwa kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja la wakusanyaji peke yake lilitoa mijusi kati ya 32,310 na 42,610. Rudia kusoma takwimu hiyo ukikumbuka kilomita za mraba 8.

Namna ya kuwakamata ilikuwa mbaya kuliko idadi. Mkadi mrefu una miiba na haupandiki kirahisi, basi waliuangusha, wakaokota mijusi kwenye majani yaliyolala chini. Ukimchukua mjusi peke yake, nafasi yake hujazwa na mwingine. Ukiuangusha mkadi, hakuna wa kujaza, maana nyumba haipo. Mkadi mkubwa huchukua miaka mingi kukua.

Na haya yalifanyika ndani ya hifadhi ya msitu, ambako kukusanya wanyama hakukuwa halali. Mzigo ukishafika uwanja wa ndege, hata hivyo, hakuna orodha ya kimataifa iliyomtaja mjusi huyu, kwa hiyo afisa wa nchi anakoshuka hakuwa na la kumzuilia. Linganisha na ndege: Umoja wa Ulaya ulifunga uingizaji wa ndege wa porini kwa muda mwaka 2005, hasa kwa hofu ya mafua ya ndege, na ukaufunga moja kwa moja Julai 2007. Katika miaka ileile ambayo mlango wa ndege ulikuwa unafungwa, mlango wa mjusi ulikuwa wazi. Hili linaniuma, kwa sababu halikuhitaji uvumbuzi wowote. Lilihitaji mtu wa kumwandika kwenye orodha.

Hatimaye aliandikwa. Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya ulianza kudhibiti uingizaji wake. Mei 2016 Tanzania ilisimamisha kwa miaka mitatu usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Katika mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka huohuo, Tanzania na Umoja wa Ulaya walipendekeza kwa pamoja awekwe katika Kiambatisho cha Kwanza, na pendekezo likapita. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya mijusi waliokamatwa porini imepigwa marufuku.

Kwa hiyo sasa yuko salama?

Kwa upande wa biashara, hali ni afadhali. Kwa upande wa msitu, bado. Kimboza inasumbuliwa na moto, ukataji wa mbao, na mti wa kigeni, Cedrela odorata, uliopandwa humo na sasa unajisambaza wenyewe na kufunika miti ya asili. Mti huo hauna faida yoyote kwa mjusi: hauna majani ya kutunza maji, wala uficho wa mayai. Mimi ningependa fedha za uhifadhi wa Kimboza ziende kwanza kwenye kuung'oa mti huu na kuacha mikadi michanga iinuke, kabla ya miradi yenye mabango makubwa zaidi.

Na chozi, je? Naye anakamatwa na kuuzwa?

Hilo si tatizo lake. Chozi hula nekta na wadudu kila saa na hufa upesi kwenye tundu lisilo na huduma ya kitaalamu, hivyo hajawahi kuwa bidhaa ya soko kubwa. Shida yake ni ardhi.

Miteremko ya Uluguru ina watu wengi, mvua nzuri na udongo uliolimwa muda mrefu. Misitu ya chini na ya kati ndiyo iliyotangulia kugeuzwa mashamba, na leo mara nyingi mpaka unaonekana waziwazi: shamba hapa, msitu wa hifadhi pale. Bunduki, katikati ya milima, kulikuwa na msitu uliounganisha kaskazini na kusini. Sehemu kubwa ikafyekwa na kuacha pengo. Kiangazi moto wa kuandaa mashamba huvuka na kuingia msituni. Juu ya hayo kuna joto la dunia, ambalo huwasukuma wanyama wa milimani kupanda juu zaidi kufuata ubaridi. Kadiri unavyopanda, mlima unazidi kuwa mwembamba, kisha unakwisha.

Mtu asiwalaumu wakulima kwa wepesi. Mwaka 1955 Waluguru waliandamana kupinga mpango wa kikoloni wa kuwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi kwa jina la kuhifadhi udongo, na kumbukumbu ya kulazimishwa haifutiki haraka. Mpango wowote wa kumlinda chozi unaokuja na amri bila kuuliza familia za mpakani zitapata wapi kuni, mbao na ardhi utapokewa hivyohivyo.

Kwa nini basi chozi asiwekwe naye CITES?

Kwa sababu CITES inashughulika na biashara inayovuka mipaka ya nchi, na hakuna anayemvusha chozi huyu mpaka. Kumwandika huko kungeleta makaratasi, msitu ukiendelea kupungua. Anachohitaji ni doria, kuzuia moto, na kurudisha miti ya asili pale Bunduki ili kaskazini na kusini viungane.

Mjusi aliyezaliwa kifungoni ni halali?

Inategemea nchi na nyaraka. Mijusi hawa huzaliana vizuri kifungoni, na bustani kadhaa za wanyama za Ulaya zinao. Tatizo ni kwamba aliyezaliwa kwenye kasha la kioo na aliyeokotwa Kimboza hawatofautiani kwa macho, na kila biashara halali inaweza kutumika kuficha ile haramu. Muuzaji asiyeweza kuonyesha vibali vya wazazi wa mjusi anayemuuza hana cha kukuuzia. Kwa maoni yangu, mtu asiye na kazi ya kitaaluma na mjusi huyu hana sababu ya kumfuga.

Je, mjusi huyu ana sumu?

Hana, wala hawezi kumdhuru mtu kwa namna yoyote.

Uluguru kuna ndege adimu kuliko chozi. Kwa nini hamkumchagua huyo?

Huenda unamfikiria Malaconotus alius, ndege mwenye kofia nyeusi na tumbo la manjano aliyeandikwa mwaka 1927, anayejulikana zaidi kutoka Uluguru Kaskazini. Anastahili kuandikiwa peke yake. Hapa tumemchagua chozi kwa kuwa ana mengi yanayofanana na mjusi: udogo, nekta, mng'ao, na dume anayejionyesha. Ukilinda msitu wa chozi, huyo mwingine naye amelindwa.

Naweza kwenda kuwaona?

Ndiyo, na ningefurahi watu wengi zaidi wa Tanzania waende. Kwa chozi, anzia Morogoro mjini, upande njia ya Morningside hadi unapogusa msitu, ukitoka mapema kabla ukungu haujashuka. Simama penye maua ukingoni mwa msitu, subiri. Kwa Kimboza, msitu uko kando ya barabara iendayo Matombo. Kote huko kibali hutolewa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na mwongozaji wa eneo hilo atakuonyesha zaidi ya utakachokiona mwenyewe.

Ukiwa kwenye mikadi usivute majani ili kumtoa mjusi. Unaweza kuyavunja mayai yaliyogandishwa ndani. Mtazame akija juani. Picha utakazochapisha zisitaje mti au kijia ulichopita, "Kimboza" inatosha. Kwa chozi usicheze rekodi ya sauti yake ili kumwita, hasa msimu wa kutaga: dume huacha kiota na chakula, akaja kupigana na simu yako.

Nikikuta mjusi wa buluu anauzwa mtandaoni au mtaani, nifanye nini?

Usimnunue kwa nia ya kumwokoa, kwa sababu pesa yako ndiyo itakayomrudisha mkusanyaji Kimboza. Hifadhi picha ya tangazo, jina la akaunti, tarehe na mahali palipotajwa, kisha uvipeleke kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA) au kituo cha polisi kilicho karibu. Kumiliki wanyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Kama uko nje ya Tanzania, wasiliana na mamlaka ya CITES ya nchi uliyopo na utaje jina la kisayansi, Lygodactylus williamsi, kwa kuwa matangazo mengi humuuza kwa majina ya kibiashara yanayobadilika kila mara. Usibishane na muuzaji wala kumtishia kwenye maoni. Atafuta tangazo, na ushahidi utapotea pamoja nalo.